Jirani wa mahindi analipwa na serikali, mimi wa lengalenga silipwi: kwa nini?

Swali limetoka kwa mama mmoja aliyeko Iowa, Marekani, nimelifupisha kidogo tu:

"Jambo kaka. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, tuko Iowa kwenye kaunti ya mashambani kabisa, mume wangu anafanya kazi kiwanda cha nyama. Mwaka jana tulinunua eka 22. Mimi nalima lengalenga, bilinganya na pilipili kama eka tatu hivi, na tuna mbuzi. Jirani yetu ni mzee Mzungu wa mahindi na soya, mtoto wangu akamtafuta kwenye intaneti tukaona jina lake na hela zote serikali imempa, ni nyingi mpaka nikashangaa. Nikaenda ofisi ya kilimo ya kaunti, wakaniambia shamba langu halina beisi, basi nikarudi nyumbani sijaelewa kitu. Huu ni ubaguzi? Na sisi tunaweza kupata? Tuna grinkadi."

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe alafu ndo tuingie ndani. Ile hela ya jirani hailipwi kwa jasho la mtu, inafuata ardhi, tena ardhi ilivyoandikwa kwenye mafaili ya serikali miaka mingi kabla nyie hamjafika Iowa, na mazao yanayohesabiwa ni mahindi, soya, ngano, mtama, mpunga, karanga, pamba na wenzake wachache. Lengalenga, yani mchicha, haimo. Bilinganya haimo. Kwahiyo yule karani hakukudanganya, ila alikujibu kama anajibu mtu aliyezaliwa juu ya trekta, na kuna vitu vya kwako mle mle kwenye lile jengo ambavyo hakukutajia. Hivyo ndo nataka uvifuate, sio vya jirani, na nitakuonyesha kwa hesabu kwa nini.

Kwanza hilo mliloliona kwenye intaneti. Kuna shirika lisilo la serikali linaitwa Environmental Working Group, wao huomba takwimu za malipo kutoka wizara ya kilimo ya Marekani, ile USDA, alafu wanaziweka hadharani, unachagua jimbo, unachagua kaunti, unapata orodha ya watu na hela zao. Kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba ile jumla ya kwanza unayoiona mara nyingi imekusanywa tangu 1995, yani miaka zaidi ya 25 imebanwa kwenye namba moja. Mwambie mtoto afungue mwaka mmoja mmoja. Utakuta mwaka mwingine mzee kapata hela nono, mwaka mwingine kapata kidogo sana au hamna kabisa. Na kuna upande mwingine hauonekani kabisa pale: bima ya mazao. Serikali inawalipia wakulima wastani wa kama asilimia 62 ya ada ya bima, lakini sheria inakataza kutoa majina ya wanaofaidika na hiyo, kwahiyo unaona hela za programu zingine ila hela ya bima huioni. Mi naona hapo pana kasoro kubwa, manake wakulima wengi wakubwa siku hizi tegemeo lao la kwanza ni hiyo bima.

Alafu usifananishe hii na ruzuku tunayoijua nyumbani Afrika Mashariki. Kenya unaandikishwa, ujumbe unaingia kwenye simu, unaenda depo unachukua mfuko wa mbolea kwa shilingi 2,500, Tanzania nayo tangu msimu wa 2022/23 ni mbolea ya bei ya ruzuku kwa mkulima aliyesajiliwa. Hiyo ni kusaidiwa kununua kabla hujapanda. Marekani wanaingilia mwishoni, bei ikishaanguka wanakufidia taslimu kwenye akaunti, mbolea ujinunulie mwenyewe.

Ilianzaje? 1933, Rais Roosevelt, wakati wa mdororo mkuu, mahindi yalikuwa yameshuka bei mpaka watu wa huko huko midwesti wakawa wanayachoma kwenye jiko kama kuni kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa ghali kuliko mahindi. Serikali ikaanza kuwalipa wakulima wapunguze kulima ili bei ipande. Tangu hapo kila miaka mitano sita hivi Bunge linaandika upya sheria ya kilimo, jina la programu linabadilika, ila mazao ni yale yale ya wakati ule na soya ikaongezwa baadae. Mboga na matunda hazikuwahi kuingia kwenye hiyo meza kubwa. Sio kwamba walikaa wakasema tuwanyime akina mama wa bustani, ni kwamba wabunge wa majimbo ya nafaka na pamba walishika kalamu mapema na hawajaiachia mpaka leo.

Sasa beisi. Eka za beisi ni idadi ya eka ambazo serikali imezikubali kwenye shamba fulani kuwa ni za zao fulani, kwa kuangalia watu walipanda nini zamani. Mwanzo wake hasa ni wastani wa yaliyopandwa miaka ya 1980, alafu 2002 wenye ardhi wakaruhusiwa kusahihisha kwa kutumia 1998 mpaka 2001, na 2014 wakaruhusiwa kuzipanga upya kati ya zao na zao. Tangu 1996 si lazima upande hilo zao ndo ulipwe. Jirani anaweza kuwa na beisi ya mahindi eka 300, akapanda soya zote, na bado akalipwa kama wa mahindi. Ndo maana nimesema inafuata faili. Kuna kipindi ilikuwa mbaya zaidi, kati ya 2002 na 2014 kulikuwa na malipo ya moja kwa moja, bei iwe juu iwe chini unalipwa tu, kama dola bilioni 5 kila mwaka, na gazeti la Washington Post lilihesabu mwaka 2006 kwamba angalau dola bilioni 1.3 tangu mwaka 2000 zilikwenda kwa watu ambao hawalimi chochote, wengine walikuwa wamenunua kiwanja cha nyumba tu kwenye ardhi iliyokuwa ya mpunga kule Texas. Bunge likaona aibu ikafutwa 2014, zikaja hizi mbili za sasa, PLC na ARC.

PLC ni rahisi kuelewa. Sheria inaweka bei ya rejea. Kwa mahindi ilikuwa dola 3.70 kwa busheli (kipimo chao cha nafaka), sheria kubwa ya Julai 2025 ikaipandisha mpaka 4.10, soya ikatoka 8.40 ikawa 10, ngano 5.50 ikawa 6.35, na inaweza kupanda kidogo tena kama wastani wa bei za miaka mitano ulikuwa juu. Bei ya soko ya mwaka mzima ikiwa chini ya hapo unafidiwa tofauti. Tuchukue mfano wa kutunga: soko limetoa 3.80, tofauti ni senti 30. Shamba lina beisi ya mahindi eka 100, mavuno yaliyoandikwa kwenye faili ni busheli 150 kwa eka. Wanalipa asilimia 85 ya eka, kwahiyo eka 85, mara 150, mara senti 30, ni dola 3,825. Hapo wanakata asilimia 5.7 ya makato ya bajeti, inabaki kama 3,607. Mzee mwenye eka 500 za beisi kwa hesabu hiyo hiyo anapata zaidi ya dola elfu 18.

We sasa. Tuseme eka zako zote 22 zina beisi ya mahindi, jambo ambalo hata haliwezekani sana manake kuna nyumba na zizi hapo. Kwa mfano ule ule ungepata kama dola 794. Mwaka ambao bei iko juu, sifuri. Naamini mauzo ya lengalenga ya wiki mbili tatu kwenye soko la Jumamosi mjini yanaweza kuipita hiyo, kwahiyo kabla hujakosa usingizi kwa ajili ya beisi iweke hiyo namba mbele yako. Hela yenyewe hulipwa Oktoba ya mwaka unaofuata, na kwa nini? Kwa sababu mwaka wa soko wa mahindi unaanza Septemba unaisha mwisho wa Agosti mwaka unaofuata, lazima wasubiri bei ya mwaka mzima ijulikane. Mahindi yaliyovunwa 2025 yanalipiwa Oktoba 2026.

ARC ndo inahusu kaunti, na hapa watu hata wenyeji huwa wanagombana. ARC hii ya kaunti haiangalii shamba lako, inaangalia mapato ya kaunti nzima, yani mavuno ya wastani ya kaunti mara bei, wakilinganisha na wastani wa miaka mitano iliyopita wakishatoa mwaka wa juu kabisa na wa chini kabisa. Mapato yakishuka chini ya asilimia 90 ya huo wastani (kabla ya sheria ya 2025 ilikuwa 86), wote walio kwenye ARC kaunti nzima wanalipwa kwa eka zao za beisi, na malipo hayawezi kuzidi asilimia 12 ya huo wastani. Sasa fikiria mvua ya mawe imesaga shamba lako peke yako, kaunti iko vizuri, hupati kitu. Au kinyume chake, we umevuna vizuri kabisa lakini kaunti imeungua na ukame, unalipwa. Watu wanakaa pande mbili za barabara moja, barabara ndo mpaka wa kaunti, huyu kalipwa yule hajalipwa, wote wana mahindi yale yale. Wakati wa vita ya biashara na China ilikuwa hivyo hivyo, yale malipo ya 2019 kila kaunti ilipewa kiwango chake, kuanzia dola 15 mpaka dola 150 kwa eka, na jumla ya miaka miwili, 2018 na 2019, ilifika kama bilioni 23. Kwahiyo ukisikia mtu kanisani anasema ndugu yake wa kaunti nyingine kapata kiasi tofauti, usidhani anasema uongo.

Na hizo za dharura ndo siku hizi zimekuwa nyingi kuliko za kawaida. Mwaka 2025 walitoa bilioni 10 kwa mazao ya 2024, mahindi dola 42.91 kwa eka, soya 29.76, hapo hawakuangalia beisi, waliangalia kilichopandwa kweli. Desemba 2025 wakatangaza bilioni 12 zingine, na humo bilioni 11 ni za mazao makubwa ya shambani, hadi bilioni moja ndo ikatengwa kwa vitu vingine vilivyobaki, mboga zikiwemo. Unaona mgawanyo wenyewe.

Nani anafaidi? Kwa takwimu za hao hao wa orodha ya intaneti, asilimia 10 ya juu ya wapokeaji wamechukua zaidi ya robo tatu ya malipo ya mazao tangu 1995. Kuna kikomo kwa mtu mmoja, kilikuwa dola 125,000 kwa mwaka, sheria ya 2025 ikakipeleka 155,000, ila mke anahesabiwa kikomo chake, mshirika naye chake, kwahiyo familia kubwa yenye kampuni ya shamba hawaoni hata kama kuna kikomo. Na sio wote wanaopokea wanakaa nayo. Wengi wanalima mashamba ya kukodi, na mwenye ardhi anajua vizuri kwamba mpangaji atapata hela ya serikali, basi anapandisha kodi. Iowa kodi ya shamba ni wastani wa dola 270 na kitu kwa eka kwa mwaka, na bei ya kununua mwaka 2024 ilikuwa wastani wa dola 11,467 kwa eka. Sehemu ya hiyo bei ni ruzuku iliyojificha ndani ya udongo. Inawezekana kabisa nyie mlivyonunua zile eka 22 mlishailipia ruzuku ya mtu mwingine bila kujua, na hapo ndo tukague lako.

Rudi ofisi, ile ile ya kilimo ya kaunti, inaitwa FSA, na safari hii usiulize "naweza kupata hela", waambie unataka nakala ya fomu FSA-156EZ ya shamba lako. Ni karatasi inayoonyesha namba ya shamba, eka za kulimika, eka za beisi kwa kila zao na yale mavuno ya kwenye faili. Nenda na hati ya ardhi. Kama shamba bado liko kwa jina la aliyewauzia, waambie walihamishe, na kama eka 22 zilikatwa kutoka shamba kubwa uliza shamba lile lilipogawanywa beisi ilikwenda wapi. Kwa kawaida inagawanywa kwa uwiano wa eka za kulimika, lakini muuzaji na mnunuzi wanaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba beisi yote ibaki kwa muuzaji, na watu wengi wanasaini rundo la makaratasi siku ya kununua bila kujua karatasi hiyo ni mojawapo. Kama mlisaini, imetoka. Kama hamkusaini, una haki ya kuuliza ilivyogawanywa.

Kuna mlango mwingine mpya. Ile sheria ya Julai 2025 imeruhusu mpaka eka milioni 30 za beisi mpya nchi nzima, kwa mashamba ambayo kati ya 2019 na 2023 yalikuwa yanapandwa mazao hayo zaidi ya beisi yaliyonayo. Kama aliyewauzia alikuwa anapanda mahindi au soya hapo miaka hiyo na alikuwa anaripoti eka zake FSA, shamba lako linaweza kupata beisi hata kama sasa halina. Uliza hilo waziwazi. Alafu wasikutishe na kile kipengele kwamba shamba lenye beisi eka 10 au chini halilipwi, hicho kina msamaha kwa mkulima anayeanza, yani aliye chini ya miaka 10 kwenye kilimo, na wewe ndo huyo huyo. Na ukipanda mboga kwenye eka za beisi, malipo yanakatwa eka kwa eka ukizidi asilimia 15, chini ya hapo hawakati. Kama beisi ingekuwa eka zote 22, eka zako tatu ziko ndani, ila beisi ikiwa ndogo uliza kwanza.

Basi beisi tumalize hapo. Vya kwako hasa ni hivi, na nakushauri uanze na NAP. Ni kama bima kwa mazao ambayo kampuni za bima haziyaandikii, mboga ziko humo. Ada ni dola 325 kwa zao lakini mkulima anayeanza anasamehewa ada kwenye kiwango cha msingi. Kiwango hicho ni kidogo, inabidi upoteze zaidi ya nusu ya mavuno ndo walipe, na wanalipa kwa asilimia 55 ya bei, lakini haikugharimu ada na theluji ya ghafla mwezi wa tano Iowa sio hadithi. Lazima ujiandikishe kabla ya tarehe ya mwisho ya zao husika, na iyo tarehe mara nyingi ni kabla hata hujapanda, kwahiyo usisubiri mpaka jua limetoka. Kama lengalenga hawana kwenye kompyuta yao kwa jina hilo waombe waangalie kundi la mboga za majani. Na inabidi uwe na rekodi za mavuno, daftari tu linatosha kuanzia, tarehe, zao, kilo, umeuza wapi. Akina mama wengi wa kwetu wana kumbukumbu nzuri sana kichwani, ila FSA hawalipi kichwa.

Mbuzi nao wamo. Wakifa kwa dhoruba, radi, tufani au baridi kali kupita kawaida, kuna programu ya LIP inalipa asilimia 75 ya bei ya soko ya mnyama, kwa wale wanaozidi idadi ya vifo vya kawaida. Wawe wa biashara, sio wa kufuga kama paka. Siku likitokea piga picha mizoga, andika tarehe, na uende ofisini usichelewe. Ukame nao ukikaa wiki nyingi kwenye kaunti kuna hela ya malisho, ila lazima eka zako za malisho ziwe zimeripotiwa kabla.

Kwenye jengo hilo hilo mlango wa pili kuna watu wa NRCS, hao ndo wa udongo na maji. Wana programu ya EQIP, na humo wanachangia gharama ya kujenga banda la plastiki la kulimia, lile kama grinihausi lisilo na hita, ambalo Iowa linakupa wiki kadhaa mbele ya msimu na wiki kadhaa nyuma. Kwa mkulima anayeanza mchango wao unaweza kufika asilimia 90 ya gharama wanayoikadiria, na unaweza kuomba nusu mapema ukanunulia vifaa. Onyo moja kubwa hapa: usianze kujenga kabla mkataba haujasainiwa. Ukiweka nguzo hata moja kabla, umejitoa mwenyewe. Watu wana haraka, wanasikia wameitikiwa kwa mdomo basi kesho yake wako duka la vifaa la Menards wananunua bomba, alafu wanalia.

Mkopo pia upo, FSA wana mikopo midogo mpaka dola 50,000 kwa mbegu, vifaa, uzio, mifugo, makaratasi yake ni machache kuliko benki, na uzoefu wa kulima Uvira wanaweza kuuangalia ukiueleza vizuri kwa maandishi. Lakini ni mkopo. Mi ningekaa msimu mmoja na daftari la mauzo kwanza ndo nikope.

Ubaguzi sasa, manake umeuliza na sitaki nikwepe. Historia ipo, na iko mahakamani sio vijiweni. Wakulima Weusi waliishtaki wizara, kesi inayoitwa Pigford, wakafikia makubaliano 1999 wakalipwa zaidi ya dola bilioni moja, alafu 2010 zikatengwa bilioni 1.25 zingine kwa waliokuwa wamebaki nje. Walikuwa wananyimwa mikopo au wanacheleweshwa mpaka msimu unapita. Mwaka 2021 Bunge likapitisha kufuta madeni ya wakulima Weusi na wengine, mahakama zikaizuia, ikafutwa 2022, na 2024 wakalipwa kama bilioni 2 watu zaidi ya 43,000 walioonyesha kwamba walibaguliwa kwenye mikopo ya wizara. Julai 2025 wizara ikatangaza haitumii tena rangi wala jinsia kutoa upendeleo kwenye programu zake. Kwahiyo kwa sasa nguvu yako ni kile cheo cha mkulima anayeanza, kitumie kila ukiingia mlangoni. Kuhusu kisa chako chenyewe, kukosa beisi sio ubaguzi, Mzungu aliyenunua shamba lisilo na beisi naye halipwi. Ila karani kukuacha uondoke bila kukutajia NAP, hiyo siwezi kujua ni nini, uvivu au dharau. Dawa yake ipo kwenye sheria: kila ukienda omba risiti ya huduma, karatasi inayoandika ulienda lini, uliomba nini, wakakujibu nini. Wanatakiwa kuitoa. Ukishaomba risiti utaona mazungumzo yanabadilika. Na wakikukatalia kitu kwa maandishi una siku 30 za kukata rufaa, usikae nazo.

Jua pia kwamba kila kaunti ina kamati ya wakulima, kati ya watu 3 na 11, wanachaguliwa na wakulima wenyewe kwa kura za posta mwisho wa mwaka, na ndo wanaamua mambo mengi ya pale. Kwenye kaunti nyingi za mashambani wanaorudisha karatasi za kura ni wachache tu. Ukishasajili shamba uliza kama uko kwenye orodha ya wapiga kura.

Siku ya kwenda piga simu kwanza uweke miadi, beba grinkadi yako na ya mume, namba za soshali, hati, na namba ya akaunti ya benki. Grinkadi inatosha kwa mambo mengi haya, msidanganywe kwamba mpaka uraia. Watakupa fomu kadhaa, AD-2047 ya taarifa zako, CCC-902 ya nani anafanya nini shambani, CCC-941 ya kipato, na AD-1026. Hii ya mwisho soma taratibu au mtoto akusomee, manake unaahidi hutalima mteremko unaobomoka bila mpango wala kukausha ardhi ya chepechepe, na ukivunja unakosa kila kitu. Kama kuna pale chini panapotuama maji na mume anataka kuchimba mfereji, uliza kabla ya jembe. Alafu kila mwaka kabla ya Julai 15 ripoti ulichopanda, hata eka tatu, hata kama huombi chochote mwaka huo. Hiyo ndo historia yako wewe inaanza kuandikwa.

Fomu zote hizi za kuomba malipo ni bure. Akitokea mtu, hata wa jamii yetu, anasema nipe dola 300 nikujazie upate "hela ya bure ya wakulima", mwache aende. Na ukilipwa kweli itakuja fomu 1099-G, hiyo hela ni kipato, inaingia kwenye Schedule F ya kodi pamoja na mauzo ya soko, mwambie anayewafanyia kodi asiiache.

Ukipata hiyo 156EZ nitumie picha, ficha namba ya soshali na ya benki, nitakusomea mstari kwa mstari.